Jiko Lilale Nje, Mdogo Wangu

Kipupwe kimeingia, na ujumbe wenu nao umeingia kwa wingi. Karibu wote unalia kilio kimoja: baridi, giza, na bomba lisilotoa maji. Siwezi kumjibu kila mtu peke yake, ila nitajitahidi asitoke mtu humu mikono mitupu.

Kuna binti aliyeolewa Ilula akitokea Morogoro. Ana kichanga cha wiki tatu. Anasema umeme ukikatika jioni, mama mkwe anaingiza jiko la mkaa chumbani ili mjukuu asipigwe na baridi. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa, na ule uwazi wa juu ya ukuta umezibwa kwa viroba tangu Juni ilipoanza. Akiamka asubuhi kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu, na mtoto ananyonya kwa uvivu. Anauliza kama ni malaria. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayenong'ona, anauliza amwambieje mama mkwe.

Nianze na wewe, mdogo wangu, maana lako halisubiri zamu. Usiku wa leo jiko lilale nje. Sisemi lipunguzwe makaa, wala lisogezwe karibu na mlango. Nje. Mtoto akiwa amelegea, hanyonyi kabisa au anahema kwa shida, usingoje kupambazuke, mpeleke sasa hivi. Akiwa na nafuu, asubuhi kabla hujagusa chombo chochote mbebe mwende. Hospitali ya Kilutheri iko hapo hapo Ilula, huna haja ya kuvizia gari la Iringa mjini. Ukifika, sema jambo ambalo wengi hawalisemi: kwamba mnalala na jiko chumbani. Ukilinyamazia, daktari yeyote duniani ataanza kutafuta homa, kwa sababu dalili zako zinafanana nayo.

Sasa sikilizeni na wengine. Mkaa ukiungua unatoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ule moshi unaokukohoza wakati wa kuwasha jiko ni kero, lakini angalau unakufukuza. Hii haimfukuzi mtu, inamlaza. Ndiyo maana ile kauli ya "ngoja mkaa uive kwanza nje, ukishakuwa mwekundu hauna neno" imewaponza watu wengi. Kaa jekundu lisilo na chembe ya moshi bado linatoa gesi, na linaendelea kutoa hata likishavaa majivu ukadhani limelala.

Chukulia damu yako ni basi linalopeleka oksijeni mwilini. Gesi hii ikiingia inawahi viti, na inaving'ang'ania kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi linaonekana limejaa na linatembea vizuri, ila abiria anayesubiriwa kule kwenye moyo na ubongo hayumo. Kichwa kinaanza kuuma, kizunguzungu kinafuata, tumbo linachafuka, miguu inakosa nguvu. Aliye macho anaweza kushtuka akatoka. Aliyelala hapati nafasi hiyo.

Utaitofautishaje na malaria? Angalia mambo mawili. Je, mmeamka wote mliolala chumba kile mkiwa na kichwa kile kile? Je, mkitoka nje mkakaa kidogo juani mnapata ahueni? Malaria haipoi kwa kuota jua. Mkipata ahueni hiyo, lishukuni jiko kwanza. Na ukimkuta mtu hajitambui chumbani mwenye jiko, usiingie ukaanza kumpepea humo humo. Fungua mlango, mburute atoke, piga kelele za msaada, apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Habari ya kumnywesha maziwa iacheni. Asiyejitambua hapewi kitu mdomoni, kitaenda kwenye mapafu.

Tuje kwa mama mkwe. Najua atakachokujibu, kwa sababu ni jibu ambalo kila nyumba ya nyanda za juu imewahi kulisikia: "Sisi tumezaa watoto saba humu, tumeota moto ndani, mbona hatukufa?" Naye hadanganyi. Ila nyumba aliyozalia si hii. Ile ilikuwa ya nyasi juu, hewa inapita kila mahali, moshi unajitafutia njia. Hii yenu ina bati, dari ya jipsamu, madirisha ya vioo vya alumini, na viroba juu yake. Moto ni ule ule, nyumba ndiyo imebadilika. Hilo unaweza kumwambia bila kumvunjia heshima, kwa sababu halimtii hatiani, linailaumu nyumba.

Usimwambie usiku. Usiku ana wasiwasi na mjukuu, wewe una usingizi na hasira, na mume yuko katikati anajifanya hasikii. Mwambie mchana, mkichambua mboga. Au uende mbali zaidi: siku ya kliniki mwombe akusindikize, kisha umwombe muuguzi aeleze suala la jiko mbele yake. Yako mambo ambayo mkwe hawezi kuyapokea kinywani mwa mke wa mwanawe, lakini kinywani mwa mwenye sare anayapokea na kesho anawafundisha majirani. Mwache awafundishe. Usidai haki miliki.

Na usimnyang'anye jiko ukamwacha hana kazi. Mpe kazi nyingine ya kumpasha mtoto joto, na nzuri kuliko zote ni kifua chake mwenyewe. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe kifuani pa mtu mzima ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe khanga na blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Hospitalini ndivyo wanavyowatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Joto la mwili halizimiki na halihitaji umeme wa LUKU. Sharti ni moja tu: anayemshika awe macho. Akianza kusinzia, mtoto arudi kwenye sehemu yake ya kulala. Wewe unaponyonyesha, yeye apumzike. Wewe ukipumzika, yeye amshike. Utashangaa jinsi bibi anavyolisahau jiko.

Haya, na sisi wengine tusio na bibi wa kutukumbatia tufanyeje?

Kosa letu kubwa ni kutaka kupasha chumba. Chumba cha bati hakipashiki. Joto lote linapanda juu linaondoka. Pasha mtu. Baridi ya usiku wa Ilula ama Iringa mjini mwezi wa Julai ni ya nyuzi kumi na kidogo. Si ya kuua mtu mzima mwenye afya aliyevaa vizuri, na kuvaa vizuri kuna mpango wake. Anza chini. Godoro likiwa juu ya sakafu ya saruji, hata ujifunike blanketi tatu utatetemeka, kwa sababu saruji inakunyonya joto kwa chini. Tandika maboksi yaliyofunguliwa, juu yake mkeka, ndipo godoro. Maduka ya hapo sokoni yanatupa maboksi kila jioni, omba. Kichwani vaa kofia, miguuni soksi kavu ambazo hukushinda nazo shambani. Nguo mbili nyepesi zilizopandana zinashinda sweta moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayotunza joto.

Kisha ule mpira wa maji ya moto unaouzwa kwenye maduka ya dawa. Ujaze maji ya moto yasiyochemka, utoe hewa, ufunge vizuri, uuviringishe kwenye kitenge, uuweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Ukiwa wa mtoto au mzee, utolewe kabla hajapanda kitandani, maana ngozi yao inaungua bila wao kujua. Chupa ya plastiki ya soda usiijaribu. Inanywea kwa joto na kifuniko kinaachia.

Mwingine ameniuliza kuhusu ulanzi na zile pombe kali za dukani. Anasema akipiga kidogo anahisi mwili mzima unawaka. Kuwaka kweli kunakuwepo, kaka yangu. Pombe inatanua mishipa ya ngozini, damu ya moto inakuja juu, unajisikia vizuri huku joto lako linapotea hewani. Mlevi anayelala kibarazani usiku wa Julai ndiye wa kwanza kuokotwa asubuhi amekakamaa. Kunywa uji au chai ya tangawizi. Ulanzi utakusubiri msimu wake.

Kabla sijaondoka kwenye moto, gesi nayo. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na mimi mwenyewe naupigia debe, macho yangu yamechoka na moshi. Lakini baadhi yenu mmelisikia neno "safi" mkalielewa vingine, sasa mnawasha jiko la gesi usiku kucha chumbani kwa ajili ya kuota. Ni nishati safi ya kupikia, si ya kulalia. Katika chumba kilichozibwa inakula hewa yenu, na ikikosa hewa ya kutosha nayo inatoa gesi ile ile. Jenereta vilevile. Wenye saluni na wenye vibanda vya kuchomelea hapo kando ya barabara kuu, jenereta halikai chumba cha nyuma hata mlango ukiwa wazi. Lipelekwe nje, mbali na dirisha, na kama unaogopa wezi lifunge kwa mnyororo kwenye mti.

Sasa umeme wenyewe. Wengi mnaniandikia kama vile mimi ndiye ninayeshika swichi. Tuelewane: kukatika kwa umeme si jambo moja. Kuna mgawo, kama ule tulioupata kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, pale umeme uliozalishwa ulikuwa haututoshi. Hali ilianza kulegea mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024. Sasa mitambo yote tisa ipo, na uwezo wake kwa pamoja ni megawati 2,115. Kuna hitilafu ya gridi, kama ya 1 Aprili 2024, nchi ilipoamkia gizani Jumatatu ya Pasaka. Na kuna ile ya kwetu ya kila siku: upepo umeangusha tawi kwenye waya, nguzo imeoza chini, transfoma ya mtaa imezidiwa. Hii ya tatu haiondolewi na bwawa lolote. Inaondolewa na mtu kutoa taarifa, kila mmoja akiacha kudhani jirani ameshapiga simu. (Nguzo nyingi zenyewe ni mikaratusi ya hapa hapa Mufindi na Njombe. Tunaipeleka nchi nzima, na sisi wenyewe tunakaa gizani. Haya, tuendelee.)

Kinachonitia hofu zaidi umeme ukikatika ni hita. Namaanisha ile ya waya uliojikunja, unayoitumbukiza kwenye ndoo ili upate maji ya kuoga. Mtu amechomeka hita saa moja jioni, umeme umekatika, amekasirika, ameoga maji ya baridi au hajaoga, amelala. Swichi iko vilevile ilivyokuwa. Saa nane usiku umeme unarudi, hita inaanza kazi, maji yanachemka hadi yanakauka, plastiki ya ndoo inashika moto, na ndoo iko pembeni ya pazia. Ukisikia asubuhi nyumba imeteketea na watu wanasema "ni umeme wa TANESCO umekuja na nguvu", wakati mwingine ni ndoo. Kwa hiyo umeme ukikatika, kabla hujatafuta mshumaa, pita na tochi ya simu uchomoe: hita, pasi, jiko la umeme. Televisheni na friji pia, maana umeme ukirudi unaweza kuja umepanda. Acha taa moja tu imewashwa, ikuambie umerudi; ngoja dakika chache utulie, ndipo uchomeke. Na usitie mkono kwenye ndoo kupima joto la maji huku hita imechomekwa. Hili nalisema kila mwaka, na kila mwaka kuna mtu ananijibu kwamba yeye amezoea.

Mshumaa usisimamishwe juu ya kopo la plastiki wala kichwani mwa kitanda, na koroboi iondoke kabisa kwenye chumba cha watoto wanaosoma. Taa ndogo ya sola iliyoanikwa mchana inamtosha mwanafunzi, na jua la Ilula wakati wa kipupwe halina mawingu mengi. Friji ikifungwa isifunguliwe-funguliwe inatunza chakula kwa muda wa kama saa nne. Friza iliyojaa inafika siku mbili. Kwa hiyo mnaokimbilia kutoa nyama yote mkaipika usiku huo huo, punguzeni haraka.

LUKU nayo. Wapangaji wanne, mita moja, kila mtu anachanga sawa, halafu mmoja ana hita na jiko la umeme, mwingine ana balbu na chaji ya simu. Ugomvi wa namna hii hauna hakimu. Ama mwenye nyumba aweke mita ndogo kwa kila chumba, ama mwenye hita achange zaidi na ijulikane hivyo mwanzoni mwa mwezi. Uniti zinunuliwe mchana, zikiwa bado zipo. Zikiisha saa tano usiku na mtandao wa simu ukiwa umegoma, mtalala gizani wakati waya wa nje una umeme wake.

Maji. Kwa Ilula sijapata kusikia bomba limeganda, na baridi yenu haifiki huko. Maji yenu yanakatika kwa sababu nyingine: mvua zimekatika, wenye nyanya na vitunguu wanahitaji kumwagilia, na palipo na pampu, umeme ukikatika tangi linabaki na kilichomo tu. Ndiyo maana giza na ukame wa bomba vinakuja pamoja. Weka akiba ya siku mbili tatu kwenye vyombo vyenye mifuniko, ya kunywa iwe peke yake na ichemshwe. Mipira ya maji iliyolala juu ya ardhi izikeni. Jua linaufanya mpira wa plastiki kuwa mkavu kama ganda, mbuzi akiukanyaga unapasuka. Na kila mtu wa nyumba ajue koki kubwa ya karibu na mita iko wapi na inafungwa upande gani. Bomba likipasuka usiku, hiyo ndiyo huduma ya kwanza. Fundi ni wa asubuhi.

Ila kwa wasomaji wangu wa Makete, huko juu Kitulo, na wa zile kona za Mufindi na Njombe ambako asubuhi unakuta majani meupe na viazi vimeungua kwa barafu, habari ni nyingine. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba halina pa kuyaweka hayo ya ziada. Ndipo linapasuka. Bomba linalotoka nje ya ardhi hadi kwenye koki ndilo hatari. Livikeni magunia, vitambaa vya zamani na nailoni juu yake isilowane. Usiku wa mbingu safi usio na upepo, ambao wazee wenu wanaujua kwa kuutazama tu, fungeni maji kwenye koki kubwa kisha mfungue ile ya nje yamwagike yaliyobaki. Bomba tupu haligandi. Likiwa limeshaganda, achia koki wazi, anza kulimwagia maji ya uvuguvugu ukitokea upande wa koki ukirudi nyuma. Maji ya kuchemka yanalipasua, na moto wa nyasi chini ya bomba la plastiki ni kulichoma tu. Mara nyingi jua la saa tatu linakufanyia kazi hiyo bure.

Nina mdogo wangu mwingine, huyu ameniandikia kutoka Saint Paul, Minnesota. Msishangae. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina udugu wa miaka mingi na Walutheri wa huko, ule wanaouita Bega kwa Bega, kwa hiyo kati ya Ilula na Minnesota watu wanakwenda na kurudi. Amefika kwa masomo. Ameambiwa Januari joto linashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na hata zaidi, na anauliza kwa unyenyekevu: je, umeme ukikatika anaweza kuwasha jiko lake dogo la mkaa alilonunua kwa ajili ya nyama choma, angalau kwenye korido?

Hapana, mdogo wangu, na swali lako limenikumbusha mambo mazito. Desemba 2006 upepo mkali uliikatia umeme Seattle na vitongoji vyake. Wahamiaji wengi, Wasomali wakiwemo, waliingiza mkaa ndani kama walivyozoea nyumbani. Watu zaidi ya mia wakatibiwa hospitalini kwa gesi hii na wengine wakafa. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwa kimojawapo. Februari 2021 Texas iliganda, umeme ukakatika siku kadhaa, na hesabu ya serikali ya jimbo ilifikia vifo 246. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, lakini Houston kulikuwa na familia kutoka Ethiopia iliyowasha gari kwenye gereji iliyoungana na nyumba ili wapate joto na kuchaji simu. Mama na binti yake mdogo hawakuamka. Hawakuwa wajinga. Walitoka nchi ambako gari halilazwi chumba cha jirani na sebule.

Nyumba za huko zimezibwa makusudi zisipitishe hewa. Jiko ambalo kwa bahati limekuachia uhai Ilula, huko halitakuachia. Nunua kile kidude cha kugundua gesi kinachobandikwa ukutani, au muulize mwenye nyumba kiko wapi, kisha kibonyeze usikie kama kinalia. Joto likikatika, jikusanyeni chumba kimoja, mvae kila mlicho nacho, na muwapigie simu watu wa kanisani mapema, kabla hamjaanza kuona haya. Huko miji mingi hufungua kumbi zenye joto kwa ajili hiyo hiyo.

Kuhusu mabomba: usiku wa baridi kali acha koki ya jikoni idondoshe maji polepole, fungua milango ya kabati iliyo chini ya sinki ili joto la nyumba liyafikie mabomba, na ukisafiri usizime kabisa mfumo wa joto, uache walau nyuzi 13. Bomba likiganda, koki wazi, kisha tumia kikausha-nywele, taratibu. Kingine usichoambiwa: Minnesota ina kanuni ya majira ya baridi, kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, inayomlinda mtu asikatiwe nishati ya kupasha nyumba kwa sababu ya deni, mradi aipigie simu kampuni wakubaliane jinsi ya kulipa. Kwa hiyo bili ikikuzidi usiifiche uvunguni. Piga simu.

Nimalizie na kijana wa hapo Ilula, karibu na stendi. Amepanga chumba na mwenzake, mpakiaji wa matenga ya nyanya. Mwenzake anarudi usiku wa manane ameloa jasho na baridi, anaingiza jiko wakati yeye ameshalala. Wameshagombana. Anauliza amripoti kwa mwenye nyumba?

Mwenye nyumba ni hatua ya tatu. Ya kwanza, ongea naye mchana mkiwa mnakula, umsomee hapo juu penye habari ya basi na viti. Ya pili, mwondolee sababu. Anaingiza jiko kwa kuwa anafika ameganda na hakuna maji ya moto. Kabla hujalala mwachie chupa ya chai imejaa, maji ya kunawa kwenye chupa nyingine, na mchange mnunue blanketi la pili zito mnadani. La mitumba linatosha kabisa, lifuliwe tu. Jiko likishapika ugali wa jioni limwagiwe maji, likae barazani, na mkaa ulale kwenye gunia. Akiendelea baada ya hapo, mwambie mwenye nyumba, na kama hakuna linalobadilika, hama. Chumba kipo kingine.

Ila mkichanga hela ya blanketi, muandikishane kabisa litabaki na nani siku mkiachana. Ujumbe wa ugomvi wa namna hiyo nao ninao hapa, wa wawili wa Mafinga, na sijui niwaanzie wapi.